Dada Mkubwa na Kiti cha Mama

Msusi huyu ameifuata tamthilia nzima ya Kikorea, sehemu hamsini na sita mpaka sasa, bila kuiona. Si kipofu. Macho yake ni mazima, tena makali, ndiyo maana mistari yake hunyooka na watu hutoka mitaa ya mbali kumfuata. Tatizo ni kwamba macho hayo, tangu saa mbili asubuhi mpaka jua linazama, yako kwenye kichwa cha mtu. Akiyainua mara moja tu kutazama runinga, mstari unapinda, na mstari ukipinda kisogoni mwenye kichwa ataambiwa na watu huko njiani, na lawama zitamrudia nani? Basi runinga iko mbele yake siku nzima, na sura za watu wa humo hazijui.

Anachojua ni sauti. Watu wa kwenye tamthilia wanasema Kikorea chao, na tafsiri inapita kwa maandishi chini ya picha. Maandishi hayasikiki. Kwa hiyo inabidi wateja wamwambie kinachoendelea, na hapo ndipo roho yake inapochemka, maana wateja hawamwambii kinachoendelea. Wanamwambia wanavyoona wao.

"Jamani, kimetokea nini?" atauliza, meno yamebana uzi.

"Mjinga yule!"

"Mjinga nani? Kafanya nini?"

"We acha tu, Fundi. Ningekuwa mimi, ningemzaba kofi la kushoto."

Basi, hayo ndiyo maelezo. Kofi kwa nani na kwa kosa gani, atajijua mwenyewe. Amekaa miezi minne akiokota tamthilia vipande vipande kutoka vinywani mwa watu waliokasirika.

Majina ya wahusika yaliwashinda wote siku ya kwanza, wakawabatiza upya. Kuna Bosi Mwavuli, kijana tajiri ambaye mvua ikinyesha popote anatokea na mwavuli, hasemi kitu, anasimama tu. Kuna Mama Lulu, mama yake, mwenye shanga za lulu shingoni na tabia ya kuwamwagia watu maji usoni mezani. Kuna Kipenzi, binti anayependwa na Bosi Mwavuli. Na kuna Dada Mkubwa, aliyemlea Kipenzi baada ya mama yao kufa, kwa kuuza supu kwenye kibanda.

Watoa maoni wakuu ni watatu. Wa kwanza ni Mwalimu. Nywele amezinyoa zote, hana hata cha kushikia kibanio, lakini kila Jumamosi yupo kwenye benchi na rundo la madaftari ya kusahihisha, na akimaliza madaftari anawasahihisha wahusika. "Huyu mwandishi nampa arobaini kwa mia," husema. "Lile gari jeupe limeshagonga watu watatu. Hakuna magari mengine nchini mwao?" Mwalimu ndiye pekee anayesoma maandishi kwa sauti, na akiwepo msusi hupata ahueni, ila kila baada ya mistari miwili anasimama kutoa alama.

Wa pili ni Muuguzi. Huyu hawezi kuvumilia mambo ya hospitali. "Miezi miwili hajitambui, anaamka ana rangi ya mdomo! Na dripu wameichomeka wapi pale? Juu ya sweta!" Akianza hivyo, msusi anajua dakika kumi zimepotea, na aliyeamka hatamjua ni nani.

Wa tatu ni Mama Mwenye Nyumba. Chumba cha saluni ni chake na runinga ni yake, aliileta alipopata kubwa zaidi nyumbani kwake, kwa hiyo akisema jambo mjadala umefungwa. Mama Mwenye Nyumba ana mtu wake wa kumchukia, naye ni Dada Mkubwa. Kimbelembele. King'ang'anizi. Anajifanya mama wa mtu. Siku ya sehemu ya arobaini na mbili, ile ya harusi ya Kipenzi, alipiga kelele mpaka muuza maji wa nje akachungulia: "Tazameni! Kakalia kiti cha marehemu mama yao! Mwanamke huyu hana haya hata chembe!" Benchi zima likaguna. Msusi aliinua kichwa, akakuta matangazo.

Sasa, kila tusi alilotupiwa Dada Mkubwa lilimpitia msusi kwanza. Yeye naye alifiwa na mama akiwa na miaka kumi na tisa, baba alishatangulia, akaachiwa mdogo wake wa miaka mitano, mwenye alama nyeusi shavuni, ambaye mpaka leo wanamwita Kidoti. Akaacha shule, akajifunza kusuka kwa kushikilia vichwa vya majirani. Kidoti alisoma kwa vidole hivi. Leo ni mtaalamu wa maabara, anapima damu za watu kwa mashine ambazo msusi hata kuzitaja hawezi, na anaishi mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi.

Walikuwa wakipigiana simu kila Jumapili, na kwa muda mrefu simu hizo zilikuwa mateso. Umekula? Nimekula. Kazi? Nzuri. Haya basi, lala salama, na saa kumi jioni haijagonga. Msusi alikuwa akikata simu na kubaki ameishika, akijiuliza hivi mtoto aliyembeba mgongoni ameishiwaje maneno naye. Mpaka siku moja ikajulikana kuwa wote wawili wanaangalia tamthilia ile ile. Jamani! Tangu siku hiyo wakawa wanaongea saa nzima. Bosi Mwavuli, Mama Lulu, vicheko mpaka chaji inaisha.

Ila msusi hakumwambia kwamba haioni. Alianza kwa kusema "nimeiona" mara moja, na ukishasema mara moja unarudije nyuma? Kwa hiyo wiki nzima alikusanya maoni ya wateja kama mtu anayeweka akiba ya unga, na Jumapili akayatoa kama yake. Hasira za Muuguzi, alama za Mwalimu, matusi ya Mama Mwenye Nyumba, yote alimpelekea mdogo wake, na Kidoti akacheka na kusema, "Dada, wewe una jicho!"

Jicho gani, masikini.

Wiki tatu zilizopita ulikuja ujumbe kwenye simu. Harusi ya Kidoti ilikuwa imekaribia, na msusi alikuwa anasubiri neno moja tu: aambiwe atakaa wapi. Hakutaka kuuliza. Mtu aliyelea miaka ishirini na mbili anaanzaje kuuliza? Ujumbe ulisema hivi: *Dada, meza ya wazazi watakaa baba mdogo na mkewe. Kadi zimeshachapwa.*

Baba mdogo! Mdogo wake marehemu baba yao, ambaye katika malezi yote yale mchango wake ulikuwa begi moja la shule, tena zipu mbovu. Na mkewe, ambaye jina kamili la Kidoti halijui. Msusi aliusoma ujumbe mara tatu, chanuo mkononi, kichwa cha mteja kikimsubiri. Kisha akajibu: *Sawa mdogo wangu.* Sawa! Na Jumapili mbili zilizofuata waliongea habari za Mama Lulu kama kawaida, na msusi akacheka pale panapochekwa.

Akaamua kuuliza Jumamosi ya kusukwa. Kidoti angekuja kusukwa nywele za harusi, mistari midogo midogo, kazi ya saa sita. Saa sita kichwa chake kitakuwa mikononi mwa dada yake, hana pa kukimbilia. Msusi alipanga maneno tangu Jumatano.

Siku ilipofika aliwahi mapema, akamwomba Mama Mwenye Nyumba runinga izimwe, leo tu.

"Kuzimwa? Kuna msiba?"

"Nataka kuongea na mdogo wangu."

"Si uongee! Nani kakukataza? Mdomo wako na runinga vinagombea nini?" Akachukua rimoti, akakaa nayo pajani.

Kidoti akafika na begi lake, akamkumbatia dada yake, akasalimia benchi zima shikamoo kwa kufuatana, akaketi kitini. Msusi akamfungua nywele. Alizijua nywele zile tangu zilipokuwa laini za mtoto, alijua palipo na kovu dogo juu ya sikio, alipoangukia ndoo. Akagawa mstari wa kwanza.

"Kidoti, hebu niambie. Hii habari ya meza ya..."

"Ssss!" Benchi zima. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha kwenye tamthilia, na mvua ikinyesha kila mtu anajua nani anakuja.

Alisubiri mwavuli upite. Mistari mitano ilipita nao.

"Nilikuwa nasema, hivi mimi kwako..."

"Mtume!" Muuguzi alisimama. "Wanampiga shoti ya moyo mtu anayeongea! Jamani, anaongea huyo! Mwacheni!"

Kidoti akacheka, kichwa kikatikisika, mstari ukaponyoka mkononi. Msusi akaurudia. Saa ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, ya tatu ikaisha. Mwalimu akatoa alama thelathini na tano, akazirudisha arobaini, akataka kujua kwa nini watu matajiri kiasi kile hawana mlinzi getini. Msusi alikuwa ameshafika kwenye panja, na neno lake bado liko kooni. Kila alipofungua mdomo kuna mtu alikuwa analia, anagongwa, au anamwagiwa maji.

Ndipo Dada Mkubwa akatokea kwenye picha. Msusi alijua kwa sauti, ile sauti nzito ya taratibu.

"Huyo anakuja, king'ang'anizi!" akasema Mama Mwenye Nyumba. "Mwenye kiti chake."

"Lakini amelea," Muuguzi akajaribu.

"Kulea ndiyo nini? Nani hajalea? Wewe binti," akamgeukia Kidoti, "wewe msomi, hebu sema. Unamwonaje mwanamke huyu?"

Mikono ya msusi ikasimama.

"Mimi simchukii," Kidoti akasema. "Ila ananitia hasira. Kila kitu kwake ni sawa. Analia jikoni, akitoka anasema sawa. Sasa mtu atajuaje anataka nini?"

"Umeona!" Mama Mwenye Nyumba akapiga paja.

"Dada! Unanivuta!"

Kweli alikuwa anavuta. Alikuwa ameushika mstari mmoja wa nywele kama kamba ya ndoo ya kisimani. Akauachia, akapita mbele ya kiti, akaichukua rimoti pajani kwa Mama Mwenye Nyumba bila kuomba, na akazima.

Hakuna aliyewahi kuusikia ukimya wa saluni ile. Kumbe feni ilikuwa inalia.

"Kwa nini si mimi?" msusi akauliza. Maneno yote ya tangu Jumatano yalikuwa yamemtoka kichwani, yakabaki hayo manne.

Kidoti akamtazama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. "Si wewe wapi?"

"Kiti cha mama. Meza ya wazazi. Baba mdogo alinunua begi, Kidoti. Begi! Mimi nimefanya nini mpaka nikae na wageni?"

"Lakini dada, wewe si ulikataa?"

"Nilikataa lini mimi?"

"Nilikuuliza! Jumapili ile, baada ya sehemu ya arobaini na mbili. Nikakuuliza, Dada Mkubwa kukaa kiti cha mama yao wewe umeonaje. Nilikuwa nimekaa kitandani, moyo unanipiga. Ukaniambia hana haya hata chembe. Ukasema angekaa huko nyuma na wageni wenzake." Sauti ikaanza kumkatika. "Nikakuuliza tena, ndivyo unavyoona? Ukasema ndivyo. Nililia siku ile. Nikasema basi, dada yangu amechoka na mimi, hataki tena."

"Lakini ile ni tamthilia!"

"Sasa mimi na wewe tuna maongezi gani mengine?"

Msusi akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuoshea nywele, rimoti mkononi.

"Sijawahi kuiona," akasema.

"Sehemu hiyo?"

"Zote. Sijaona hata moja. Mimi natazama vichwa. Nilikuwa nakuambia wanayosema hawa." Akanyoosha chanuo kuelekea benchi. "Hana haya ni maneno ya huyu mama, si yangu. Mimi sijui hata alikaaje hicho kiti!"

Watu wote wakamgeukia Mama Mwenye Nyumba. Akavuta kanga yake begani, akakohoa.

"Kusema kweli," akasema, "siku ile nilichelewa. Nilikuta ameshakaa."

"Ulichelewa!" Muuguzi akashangaa. "Na mimi niliguna kwa sababu ulipiga kelele wewe. Nilikuwa nimesinzia chini ya mashine ya kukaushia."

"Mimi sikuwepo," Mwalimu akasema upesi, "nilikuwa kwenye kikao cha wazazi."

Kwa hiyo tusi lililobebwa mpaka mji mwingine, likamliza bibi harusi na kumpa baba mdogo meza, lilitoka kwa mtu mmoja aliyeingia mwishoni. Msusi alitamani kucheka, alitamani pia kuitupa runinga dirishani, na kama si ya mama mwenye nyumba pengine angeitupa.

"Nitafutieni hiyo sehemu," akasema.

Mwalimu akatoa flashi yenye sehemu zilizopita, ambayo alikuwa bado hajaitazama, akahangaika nayo, akaipata. Msusi akasimama katikati ya chumba, mikono mitupu, macho mbele. Akamwona Dada Mkubwa kwa mara ya kwanza, na jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba kumbe bado kijana. Kwa matusi yale alimdhania ajuza wa miaka sabini. Alikuwa jikoni, nyuma ya ukumbi, anafuta sahani zisizo zake. Kipenzi aliinuka kwenye kiti cha bibi harusi, akapita katikati ya wageni wote, akaingia jikoni na gauni lake jeupe, akamshika mkono. Dada Mkubwa akakataa kwa kichwa. Akavutwa. Akakataa tena. Kipenzi akamfuta mikono iliyolowa kwa gauni lile lile, akamkokota mpaka meza ya mbele, akamkalisha. Maandishi yakapita chini, na msusi akayasoma taratibu kwa midomo, kama mtoto wa darasa la pili: *Hiki ni chako. Nani mwingine angekikalia?*

Kisha mlango wa ukumbi ukafunguka, Mama Lulu akaingia, na hapo ndipo Mama Mwenye Nyumba naye alipoingia saluni siku ile.

Msusi akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. Kidoti alikuwa analia waziwazi. Na benchi je? Benchi lilikuwa limeshaanza.

"Mimi naona kosa ni la mdogo mtu," alisema Muuguzi. "Jambo zito kama hilo unaliuliza kwa kupitia tamthilia? Si umwambie wazi?"

"Hapana, la dada," Mwalimu akapinga. "Unatoaje maoni ya kitu hujakiona? Mimi mwanafunzi akinifanyia hivyo nampa sifuri."

"Ningekuwa mimi huyo binti..." akaanza Mama Mwenye Nyumba.

"Nyamazeni!" Msusi hakuwahi kumpandishia mtu sauti katika chumba kile. "Mmenitafunia kila kitu miezi minne! Hata mdogo wangu mmenitafunia! Hebu nyamazeni nimsikie!"

Wakanyamaza. Muuza maji akachungulia tena, akaona nyuso, akaondoka.

"Kadi zimeshatoka, dada," Kidoti akasema kwa sauti ndogo. "Mia mbili. Na mke wa baba mdogo ameshashona gauni. Anamwonyesha kila mtu. Nitaongeza kiti cha tatu, nitaongea na..."

"Sitaki kiti cha kuongezwa."

"Sasa unataka nini?"

Hilo ndilo swali ambalo hajawahi kuulizwa tangu azaliwe, na sasa lilipokuja alijikuta anataka kusema sawa. Ulimi ulishapanda kabisa kulitamka. Akaukamata.

"Nataka uniulize," akasema. "Mimi. Si yule wa kwenye runinga. Uniulize mimi, na ulitaje jina la kitu."

Kidoti akashuka kitini, nywele nusu, taulo begani, akasimama mbele yake.

"Dada, utakaa kiti cha mama kwenye harusi yangu?"

"Atakaa!" benchi zima likapiga kelele, Mama Mwenye Nyumba akiwa wa kwanza.

Msusi akafumba macho. Miaka ishirini na mbili ameisubiri sentensi ile, na wamemjibia.

"Nani kawauliza nyie?" akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, ikawatisha zaidi. Akamgeukia mdogo wake. "Uliza tena."

Kidoti akauliza tena, neno kwa neno. Mwalimu alikuwa amejiziba mdomo kwa daftari la mtu.

"Nitakaa," msusi akasema. "Nakitaka. Nilikitaka toka zamani. Na mke wa baba mdogo akija na gauni lake, atanikuta pale, na atanikuta nimekaa. Wewe utamwambia mwenyewe, leo, kwa simu, kabla hujatoka humu. Mimi sisemi sawa tena."

"Nitamwambia."

"Haya. Kaa."

Kidoti akarudi kitini. Msusi akapaka mafuta vidoleni, akagawa nywele juu ya sikio, pale penye kovu, akamwinamisha kichwa. Ilibaki mistari kumi na moja.